Honda CT70 ya mwaka 1970: nifufue injini yake ya asili au nifunge ya cc 125?

mwana_pangani (Columbus, Ohio)

Habari za siku, ndugu zangu wa spana. Nina jambo ambalo nimelitafakari kwa wiki tatu, nami ningependa kupata rai za watu waliowahi kulishika kwa mikono yao kabla sijafungua hata boliti moja ya injini.

Mwezi uliopita jirani yangu mkulima, mzee anayejiandaa kuhama shamba lake, alinipa pikipiki ndogo iliyokuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa banda kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni Honda CT70 ya mwaka 1970, ambayo hapa Marekani iliuzwa kwa jina la Trail 70. Kwa asiyeifahamu, ni chombo kifupi ambacho mtu mzima akikipanda magoti humpanda juu. Fremu yake si ya mabomba bali ni ya bati nene lililofinywa na kuchomelewa likawa na umbo la herufi T, magurudumu yake ni ya inchi 10, na usukani wake hulegezwa kwa vitasa viwili ukakunjwa ili pikipiki iingie kwenye buti ya gari. Injini yake ya cc 72 imelala, silinda ikielekea mbele, nayo ina gia tatu na klachi inayojishika yenyewe bila mkono.

Hali yake ni hii. Ndani ya fremu nilitoa kiota cha panya kilichojaza ndoo ndogo nzima, na chini ya kiti, palipokaa betri ya volti 6, asidi imekula rangi hadi kwenye chuma, ingawa chuma chenyewe hakijatoboka. Tangi lina kutu ndani. Rangi ya nje imefifia kwa jua ikawa kama chungwa lililochujuka, lakini nilipovua taa ya mbele nikaona chini yake nyekundu ileile iliyotoka kiwandani, yenye mng'ao unaotoka kwa ndani kama maji ya rosela kwenye glasi. Nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu sana.

Injini haikukwama. Nilitia oili kidogo kupitia tundu la plagi, nikaiacha ilale, kisha nikaisukuma kiki kwa mkono taratibu mpaka ikazunguka. Cheche ipo, ila ni hafifu na ya njano. Siku chache baadaye nilipima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda nikapata psi 85 (pauni kwa inchi ya mraba). Nilipoongeza kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda na kupima tena, ulipanda hadi 125.

Swali langu ni kwamba zinauzwa injini za Kichina za cc 125 zenye sura ileile, zinazofungwa kwenye boliti zilezile mbili bila kukata fremu, na bei yake haizidi sana gharama za kuifufua ya asili. Rafiki zangu hapa wote wananishauri ninunue hiyo. Upande wa pili, marehemu baba yangu alikuwa na Honda C70 aliyoendea kazini kwenye shamba la mkonge, na mlio wa injini hii ndogo, nilipoutafuta kwenye video, ulikuwa mlio wake kabisa. Je, nifanye lipi? Na kama ni kuifufua, nianzie wapi?

fundi_ngambo (Unguja)

Mwanangu wa Pangani, ifufue injini hiyo. Sikuambii hivyo kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu tu, Mungu amrehemu, bali kwa sababu vipimo ulivyoleta wewe mwenyewe havionyeshi injini iliyokufa. Nimefungua C50, C70 na C90 tangu nikiwa mwanafunzi wa gereji, na injini ya CT70 ni ndugu wa damu wa ile ya C70 ya volti 6: pistoni ya milimita 47, mwendo wa milimita 41.4, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ndani ya hedi, yaani kichwa cha silinda, na cheni ya taimingi upande wa kushoto. Anayeijua moja anaijua nyingine.

Tuanze na mgandamizo. Kitabu cha gereji cha injini hii hutaja takriban psi 170. Wewe umepata 85, na oili ikaupandisha kwa 40. Oili inapopandisha kipimo namna hiyo ina maana imeziba nafasi iliyokuwa kati ya ringi na silinda, kwa hiyo ringi zimechoka. Lakini kwa kuwa hata baada ya oili hukukaribia 170, ninashuku kwamba valvu nazo hazikai vizuri. Kabla ya kufungua chochote, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha magineti hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye kasha, huku pistoni ikiwa juu kwenye hatua ya mgandamizo, kisha hakikisha kwamba kila valvu ina nafasi ya milimita 0.05. Valvu iliyobanwa haifungi, na mtu anaweza kuchonga silinda bure kumbe ugonjwa ulikuwa wa dakika tano.

Ukishatoa hedi, igeuze, ujaze mafuta ya taa kwenye njia ya kuingizia hewa na ile ya moshi, kisha uiache kwa dakika kumi. Yakichuruzika kuingia chumba cha moto, valvu zinahitaji kusagwa kwa dawa ya kusagia. Halafu chukua ringi ya juu, uipenyeze ndani ya silinda bila pistoni, uisukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama, kisha upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ringi mpya huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35. Ikizidi 0.5, itupe. Ukiona ukingo unaohisika kwa ukucha karibu na juu ya silinda, usitie ringi mpya kwenye silinda ya zamani, kwa maana zitavunjika au hazitakaa. Ichonge hadi ovasaizi ya kwanza, yaani milimita 0.25 zaidi ya kipimo cha asili, ununue na pistoni yake. Mpelekee mchongaji pistoni mpya mkononi, achonge kwa kuifuata hiyo, wala si kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Chunguza sana mahali kamshafti inapozungukia. Kwenye injini hizi za zamani hakuna beringi hapo, kamshafti inazunguka ndani ya alumini yenyewe kwa kutegemea utando wa oili. Aliyekuwa akiendesha bila kuangalia oili ameimaliza hedi, na hakuna fundi wa kuirudishia nyama. Ukikuta mikwaruzo mirefu inayoshika kucha, tafuta hedi nyingine mapema kabla hujatumia fedha kwenye silinda. Pia kumbuka kwamba oili hupanda kwenye hedi kupitia tundu la mojawapo ya boliti ndefu, na hapo ndipo washa ya shaba hukaa. Iweke mahali pengine, utafuta oili ya kuvuja mwaka mzima.

Jambo la mwisho, ambalo limeharibu injini nyingi kuliko mwendo kasi: skrubu za kasha ni za nyota za Kijapani, na bisibisi ya nyota ya kawaida haizami sawasawa ndani yake, hupanda na kuzichubua vichwa. Tafuta bisibisi ya kipimo cha Kijapani, au ile ya kugonga ambayo hugeuka kidogo kila ipigwapo nyundo. Pasha moto kwanza, gonga, kisha ndipo ufungue.

sahara_ndogo (Maskati)

Kwa heshima zote kwa mzee wetu wa Unguja, mimi ninaona upande wa pili usidharauliwe. Nilifunga injini ya cc 125 kwenye pikipiki ya aina hii miaka sita iliyopita, na sijajutia. Injini ya asili hutoa takriban nguvu za farasi 5. Kwa mtu wa kilo tisini anayepanda vilima vya huku wakati wa joto, gia tatu hazitoshi, na mtu hujikuta ameshikilia mafuta yote muda wote, jambo ambalo nalo huichosha injini. Injini mpya ilinipa gia nne, umeme wa volti 12, taa inayoonekana usiku, na ikaniondolea kabisa usumbufu wa platini, vile vidole vinavyokata umeme ili cheche itoke.

Lakini nitasema ukweli wote, kwa sababu ndugu yetu ameuliza kwa moyo safi. Kufunga injini kulinichukua Ijumaa moja. Kuifanya pikipiki iistahili injini hiyo kulinichukua miezi minane. Breki za ngoma zile ndogo zilikuwa zikinisimamisha kwa kusitasita kwenye mteremko, mpaka siku moja nilipita makutano nisiyotaka kuyapita. Hapo nikabadilisha uma wa mbele, gurudumu la mbele, nikaweka breki ya diski, kisha mkono wa nyuma, kisha shokomzoba. Nilipomaliza, kilichobaki cha asili kilikuwa fremu na kiti. Kwangu mimi hilo halikuwa tatizo, kwani fremu niliipata ikiwa tupu, haina injini wala taa. Wewe umepata iliyo kamili. Ningekuwa wewe, ningeifufua ya asili kwanza, na ile ya 125 ningeitafutia fremu tupu kama yangu.

Kuna na njia ya kati: wapo wanaochukua silinda ya milimita 52 na kuacha mwendo wa pistoni ulivyo, wakapata takriban cc 88. Inatosha kupanda kilima bila kuizidi breki kwa mbali. Hifadhi silinda ya asili ndani ya karatasi yenye oili, ili siku ukitaka kurudi nyuma uweze.

binti_spana (Hamburg)

Kaka, mimi ninayo ndugu yake, ST70, ambayo Ulaya inaitwa Dax kwa kufananishwa na mbwa wa Kijerumani mwenye mwili mrefu na miguu mifupi. Nimeitengeneza mwenyewe kwenye chumba cha chini cha nyumba tunayopanga, kwa hiyo nitazungumzia yale ambayo wenzangu hawakuyagusa.

Kwanza kuhusu 125, niongeze hoja moja kwenye ushuhuda wa kaka wa Maskati. Mwaka 2022 Honda wenyewe walirudisha Dax yenye fremu ya T na injini ya cc 125. Tazama walichobadilisha: magurudumu yamekuwa ya inchi 12, breki ni za diski mbele na nyuma, na ya mbele ina mfumo wa kuzuia gurudumu lisigande. Hao ndio waliobuni fremu ya kwanza, nao hawakuthubutu kutia nguvu hiyo kwenye ngoma zilezile na magurudumu yaleyale. Kwangu mimi hilo linatosha.

Pili, magurudumu. Tafadhali usome hapa taratibu, kwa kuwa ni jambo la kuumia. Rimu za pikipiki hizi ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa boliti. Ukilegeza boliti hizo wakati tyubu ingali na upepo, nusu mbili zitafyatuka usoni mwako. Ng'oa kiini cha valvu, toa upepo wote, bonyeza tairi kwa goti ujiridhishe kwamba haina kitu, ndipo uguse spana. Wakati wa kufunga, tia upepo kidogo tu kwenye tyubu ili isibanwe katikati ya nusu hizo. Mimi nilitoboa mbili kabla sijajifunza. Saizi ya tairi ni 4.00-10, nayo bado inapatikana kirahisi kwa sababu skuta nyingi ziliitumia. Tairi za zamani, hata zikiwa na meno mazuri, zitupe.

Vilevile, viatu vya breki vya mwaka 1970 vichukulie kuwa vina asbesto mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Usipulize vumbi la ndani ya ngoma kwa kompresa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa chenye maji, ukifunge kwenye mfuko na kukitupa.

Tatu, kutu ya tangi. Njia niliyoipenda ni ya umeme na magadi. Nyumbani tungetumia magadi yaleyale ya kulainishia maharage. Huko Ohio utapata soda ya kufulia, ambayo ni jamaa yake. Jaza tangi maji yenye vijiko vichache vya magadi, ning'iniza kipande cha nondo ya chuma cha kawaida katikati bila kugusa tangi popote, unganisha hasi ya chaja ya volti 12 kwenye tangi na chanya kwenye nondo. Baada ya saa chache nondo itakuwa imefunikwa na uchafu mweusi na mwekundu, iparuze, uirudishe. Fanya kazi hii nje, kwa kuwa gesi inayotoka inashika moto, wala usitumie chuma cha pua badala ya nondo, maana majimaji yake hugeuka sumu. Madoa mepesi kwenye kromu ya madigadi hayahitaji hata hilo: kunja karatasi ya alumini ya jikoni, iloweshe maji, sugua taratibu.

Nne, rangi, ambayo nadhani ndiyo iliyokushika moyo zaidi. Nyekundu hiyo si rangi moja. Chini kuna tabaka la fedha linalometa, juu yake rangi nyekundu inayopitisha mwanga, kisha vanishi. Ndiyo maana mng'ao unaonekana kutoka ndani, na ndiyo maana kuibandika kiraka haiwezekani, kwani kila pito la bomba la kupulizia rangi huongeza wekundu. Una mambo mawili ya kuchagua: kupaka fremu nzima upya kwa mtu anayejua rangi za aina hiyo, au kuiacha ilivyofifia, ukatibu palipoliwa na asidi tu, ndani, mahali pasipoonekana. Mimi niliiacha. Mikwaruzo iliyopo karibu na kanyagio ni ya kiatu cha mtu ambaye sikumjua, nami sikuona sababu ya kumfuta.

mwana_pangani

Shikamoo mzee wa Ng'ambo, na asanteni sana kaka na dada. Nimerudi baada ya wiki saba, nikiwa na majibu badala ya maswali.

Nafasi ya valvu ya moshi ilikuwa sifuri kabisa, yaani ilikuwa imebanwa kama mzee alivyohofia. Nilipoirekebisha peke yake, mgandamizo ulitoka 85 hadi 105. Nilifungua hedi. Mafuta ya taa yalichuruzika upande wa moshi ndani ya dakika tatu, nikasaga valvu zote mbili mpaka zikatoa mviringo wa kijivu usiokatika. Mahali pa kamshafti palikuwa safi, laini kama kioo, nami nilishukuru kwa sauti nikiwa peke yangu gerejini. Mwanya wa ringi ya juu ulikuwa milimita 0.7 na ukingo ulihisika kwenye ukucha, kwa hiyo silinda imechongwa hadi 0.25 na pistoni mpya imo. Nilitumia bisibisi ya Kijapani na sikuharibu skrubu hata moja, isipokuwa moja ya kifuniko cha klachi, ambayo mtu mwingine alikwisha kuichubua zamani kabla yangu.

Cheche ya njano ilikuwa ya kondensa. Nilibadilisha kondensa na platini, nikapanga mwanya wa milimita 0.35, nikahakikisha platini zinaachana sawasawa kwenye alama ya F ya magineti, mahali cheche inapopaswa kutoka. Sasa cheche ni ya buluu na unaisikia ikipasuka. Umeme nimeuacha wa volti 6, kwa kuwa nitaiendesha mchana.

Rangi nimeiacha, Dada. Nilisafisha asidi kwa maji ya magadi, nikaparuza, nikapaka dawa ya kuzuia kutu chini ya kiti tu.

Jumamosi iliyopita niliipiga kiki. Mara ya nne iliitika, ikafa. Mara ya tano ikakaa. Mzee jirani alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake vya mwisho, akasimama mlangoni akiwa amevua kofia, na hatukusema chochote mpaka ilipopata joto na mlio wake ukatulia. Kisha akaniambia kwamba binti yake alijifunzia kuendesha juu ya hiyo, kwenye njia ya nyuma ya banda, na akaniomba nimpe mzunguko mmoja. Alienda akarudi.

Nimebakiwa na jambo moja dogo. Taa ya nyuma haiwaki, ingawa balbu ni mpya na ile ya mbele inawaka vizuri. Nimekusudia kesho kuufuatilia waya wa kahawia kuanzia kwenye swichi hadi nyuma.

fundi_ngambo

Marahaba, mwanangu, na hongera. Usianze na wa kahawia. Anza na wa kijani, ambao kwa Honda ndio wa bodi, yaani unaorudisha umeme kupitia chuma cha fremu. Vua taa ya nyuma, paruza mahali inapokutana na madigadi ya nyuma mpaka uone chuma cheupe, ufunge tena, ndipo uwashe. Na baada ya kilomita mia za kwanza mwaga oili yote ungali unaiona ya dhahabu, kwa sababu injini hiyo haina filta ya karatasi, na vumbi la ringi mpya linazunguka humohumo.